Mama Kwenye Shuka Nyeupe

Kwenye misiba ya ukoo wetu mimi hukaa jikoni. Wenzangu wakianza kulia, mimi humenya ndizi. Wengi wamekwisha kunizoea, ingawa bado wapo wanaonong'ona kwamba nina moyo wa jiwe, na kuna shemeji yangu mmoja aliyewahi kuniambia mbele za watu kwamba hata ng'ombe humlilia ndama wake. Nilimjibu kwamba ng'ombe hana ndizi za kumenya. Watu wakacheka, msibani, na lawama ikawa yangu. Sasa nimezeeka, na waliokuwa na haki ya kunizuia kusema wote wamelala kibanjani, kwenye shamba letu la migomba. Nitaeleza mara moja tu. Anayetaka kunong'ona baada ya hapo, anong'one akijua.

Kwetu ni Muleba, mahali ambapo ukitoka kwenye migomba ukasimama kwenye rweya, ile nchi ya nyasi tupu, unaliona ziwa kwa mbali. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache na mashati safi. Bibi, mama yake baba, aliishi nasi. Mwingereza alitawala Bukoba. Nyumbani kwetu alitawala bibi.

Mama alikuwa mtu wa mashoto. Alimenya ndizi kwa mkono wa kushoto, na bibi hakuchoka kumtania kwamba maganda ya mkwewe yanaangukia upande wa wageni. Mama alicheka akiziba mdomo kwa mgongo wa mkono. Hiyo ndiyo sura niliyobaki nayo: kisu kushoto, na kicheko nyuma ya mkono. Nilikuwa mdogo, bado sijaanza shule, na mtoto huchukua kile anachoweza kubeba.

Jambo jingine ninalolikumbuka ni chungu. Siku hiyo mama alikuwa akiongea na bibi jikoni, akaepua chungu cha maharage kutoka kwenye mafiga kwa mkono mtupu, bila jani, na akaendelea kuongea. Harufu ilitufikia kabla hatujaelewa. Bibi ndiye aliyepiga ukelele. Mama aliutazama mkono wake wa kushoto, akautazama vizuri, kisha akakiweka chungu chini taratibu. Hakuonyesha kuumia hata kidogo. Mimi niliona mama yangu ana nguvu kuliko watu wote, na nikawaringia watoto wa jirani. Bibi alikaa chini akakiegemeza kichwa chake ukutani.

Baada ya hapo mama alianza kula peke yake. Mimi nikahamishiwa kitandani kwa bibi, nikaambiwa mama ana homa na homa haitaki kelele. Alijifunika kanga mpaka shingoni hata jua linapowaka. Kisha asubuhi moja baba akampandisha lori la kahawa kumpeleka hospitali Bukoba. Hakuniaga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kipande cha ndizi mdomoni, na lori likaondoka.

Lori hilohilo ndilo lililomrudisha. Alikuja amekwisha fungwa, ndani ya lubugo, kile kitambaa cha magome tulichozikia watu, na juu yake mikeka iliyokazwa kwa kamba. Bibi aliwaambia waombolezaji kwamba ni homa ya uti wa mgongo, na hospitali imekataza kumfungua kwa sababu ugonjwa ule humrukia anayemsogelea maiti. Watu wakarudi nyuma. Baba na ndugu yake ndio waliomshusha, na kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Kwetu wafu hawapelekwi mbali.

Nililia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wanadhani nilizaliwa hivi nilivyo. Nililia mpaka nikatapika. Niliing'ang'ania ile kamba, mzee mmoja akanibandua vidole kimoja kimoja, nikamwuma mkono, nikarudi tena. Wanawake waliokuwa wamekuja kwa adabu tu waliponiona wakaangua kilio cha kweli. Hata mwinjilisti aliyekuwa akisoma alilazimika kuanza mstari upya. Bibi alisimama pembeni akinitazama. Hakunibembeleza, wala hakumruhusu mtu anibembeleze. Aliniacha nilie mpaka udongo ulipokwisha kusawazishwa.

Baba hakuoa tena. Wachungaji walimtolea mfano kwenye mahubiri, mgane mwaminifu, na akina mama walimletea maziwa. Yeye alishukuru na kutazama chini.

Mvua ziliponyesha, mgomba ukachipua juu ya kaburi la mama. Halikuwa jambo la kushangaza. Kibanjani migomba huchipua popote, hata mlangoni ukizubaa. Lakini bibi, ambaye miguu ilimsumbua na kazi za jembe alikwisha kutuachia sisi, alichukua jembe mwenyewe akauchimba. Ukachipua tena, akauchimba tena. Kila msimu ilikuwa hivyo. Nilimwuliza mbona makaburi mengine hayajali. Aliniambia niende nikachote maji.

Gari la senema lilifika Muleba wakati wa kiangazi, nikiwa tayari shuleni. Lilikuwa gari la serikali, na nyuma yake kulikuwa na mashine iliyonguruma bila kupumzika. Walifunga shuka nyeupe kwenye miti miwili karibu na soko, na jua lilipozama tu wakaanza. Wakubwa wa serikali waliketi mbele kwenye viti, watu wazima wakakaa chini nyuma yao, na sisi watoto tukafukuzwa kwa fimbo, tukaenda kukaa upande wa nyuma wa shuka. Haikutusumbua. Picha ilipenya kitambaa, na kila walichokiona wao tulikiona na sisi.

Walianza na gwaride la askari wa Malkia. Ikafuata picha ya kupogoa mibuni, na watu wazima wakaguna kwamba yule bwana anaiharibu mibuni ya watu. Kisha ikaja picha fupi ya ukoma. Mtu wa kipaza sauti alieleza kwa Kiswahili, karani wetu akageuza kwa Kihaya: ukoma si laana wala si uchawi, siku hizi kuna vidonge, wagonjwa wanapona. Tukaonyeshwa makazi ya wakoma, nyumba zimepangwa mstari mmoja, watu wanalima, mzee anashona kiatu kwa vidole vilivyobaki. Watoto wenzangu walifumba macho. Ndipo akatokea mwanamke ameketi kwenye mkeka, anamenya ndizi. Alikuwa mama.

Sikuwaza kwamba anafanana na mama. Alikuwa mama. Alimenya, akainua uso, akanitazama, akacheka na kuziba mdomo kwa mgongo wa mkono. Mama niliyemwona akifukiwa nyuma ya nyumba alikuwa na urefu wa mti, mweupe na mweusi, na upepo ulipotikisa shuka uso wake ulikunjamana na kukunjuka. Nilijikojolea pale nilipokaa. Nimeona mengi tangu siku ile, nimezaa, nimezika, na sijawahi kuogopa vile tena. Kisha picha ikabadilika, akatokea mtu mmoja mjinga aliyepanda baiskeli kinyume, na soko zima likacheka.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya akina mama wawili wa jirani zetu. Mmoja alisema yule mmenya ndizi amemkumbusha marehemu. Mwenzake akajibu, "Duniani wawili wawili," na wakarudi kwenye habari ya mibuni. Walikuwa wamekuwepo mazikoni. Mtu uliyemzika kwa macho yako, ukimwona tena, unajua umekosea wewe.

Nilimkuta bibi karibu na moto akichambua maharage. Nilimwambia nimemwona mama kwenye shuka. Hakuacha kuchambua. Aliniuliza nani mwingine alikuwa karibu nami, nikamtajia watoto. Akachambua kidogo, kisha akauliza, "Kisu alikishika mkono gani?"

Nilifikiri vizuri, maana nilitaka kusema kweli. Nikasema, "Wa kulia."

Bibi akashusha pumzi. "Basi si yeye. Mama yako alikuwa wa mashoto. Kalale."

Nilikubali. Ningefanyaje? Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mkono wa kulia. Lakini nilikubali kichwani tu. Mwili ulikataa. Sikupita tena nyuma ya nyumba, na ndizi zilizokatwa upande ule sikuzila, nikisingizia tumbo. Mgomba ulipochipua tena juu ya kaburi niliona mama anasukuma mkono kutoka chini, na bibi alipokwenda na jembe nilijiziba masikio. Mawe, mama wee! Nilikuwa mtoto wa kuonewa huruma, lakini nani angenihurumia bila kujua?

Nilipofaulu darasa la nne nilipelekwa kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa Rwamishenye, pale Bukoba, ili nisome mjini. Shangazi alikuwa mcheshi, mnene, hodari wa kutania. Alinipenda. Nilikuwa nimeanza kusahau.

Gari la senema lilikuja Bukoba mvua za vuli zilipoanza. Shuka safari hii ilikuwa kubwa zaidi, jora la kitambaa lililotolewa na Mhindi mwenye duka, na ilifungwa kwenye uwanja karibu na ziwa. Mimi sasa nilikuwa msichana mkubwa, mwenye sketi ya shule, nikakaa mbele. Sikujua kama wataonyesha ile picha. Gwaride lilipoanza nilijiambia huenda ni picha nyingine. Ilipofika ile ya mibuni nilijua.

Na hapo ndipo senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipoanguka. Aliyezaliwa Buhaya anajua maana yake. Walikuja kutoka gizani wakifuata mwanga wa mashine, wengi kama mvua yenyewe, na katika nchi yetu senene wakianguka hakuna mtu anayebaki ameketi, awe mwalimu, awe karani wa bwana DC. Wanawake walifungua kanga zao za juu, wanaume wakavua kofia, watoto wakajaza mifuko. Mtu wa kipaza sauti aliwasihi watu watulie kwa ajili ya elimu yao. Nani wa kumsikiliza? Uwanja wote ulikuwa umeinama.

Nilibaki nimekaa peke yangu mbele ya shuka, na mama akatokea.

Senene walikuwa wametanda kitambaani. Walitembea kwenye shavu lake, wakaingia machoni, wakakusanyika mdomoni pale alipocheka. Sikuogopa tena. Nilikuwa nimeogopa kwa miaka na woga ulikuwa umechakaa. Nilitazama mikono tu. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto, na juu ya mkono ule kulikuwa na kovu, pana, la mtu aliyeshika kitu cha moto na kukiachia kwa kuchelewa. Nikaukumbuka uwanja wa Muleba na mahali nilipoketi. Tulikuwa nyuma ya shuka. Aliyekaa nyuma ya shuka huona kulia kuwa kushoto, na kushoto kuwa kulia. Hata bibi, na ujanja wake wote, hakulijua hilo.

Shangazi alikuwa jikoni na beseni la senene, anawanyonyoa mbawa na miguu. Alikuwa amefurahi, alianza kunitania kwamba msomi amekuja mikono mitupu wakati wenzake wamejaza vikapu. Nilimwambia nimemwona mama kwenye senema, anamenya kwa kushoto, na kovu la chungu lipo.

Mikono yake ilisimama. Senene mmoja mzima akaruka kutoka kwenye beseni, akatua begani kwake, naye hakumfukuza.

"Nani mwingine amemwona?" aliuliza.

Angesema ninaota, ningeweza kulala. Angenigombeza, ningenyamaza. Swali lile lilinijibu kila kitu. Nilisema watu wote walikuwa wanaokota senene. Shangazi akasema, "Mungu asante," kisha akalia, akajifuta na mkono wenye mbawa za senene, zikamnata usoni. Alisema nimsubiri baba, si haki yake yeye kuniambia.

Baba aliitwa, akaja baada ya ibada, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandalia maswali mengi. Nilipomwona nikabaki na moja. Nikamwuliza tulimzika nani.

"Mgomba," alisema.

Sisi Wahaya hatukuzua jambo hilo siku ile. Mtu akizama ziwani au akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake, ili wafiwa wapate pa kulia na yeye apate pa kurudi. Kila mtu alilijua, na hakuna aliyelionea haya. Baba alieleza akikitazama kiatu chake. Bibi alikwisha kuutambua ukoma siku ile ya chungu, na daktari wa Bukoba akathibitisha, akasema mgonjwa atapelekwa makazi ya ng'ambo ya ziwa, na huenda asirudi. Nyumba yenye mkoma ilikuwa haiombwi moto. Kisima chetu kingeachwa, na mimi nisingeposwa na mtu hata kama ningekuwa na elimu ya askofu. Kwa hiyo ile desturi ya kumzika aliyekosekana waliitumia kwa mtu aliye hai, wakaufunga mgomba waliokwenda nao chini ya magunia ya kahawa ndani ya lubugo, wakaupakia kwenye lori lililokuwa likirudi, na nchi nzima ikajua amekufa kwa homa. Nikaelewa pia kwa nini hakuoa. Watu aliweza kuwadanganya. Kusimama mbele ya altare na kusema mke wangu amekufa, hakuweza.

Nilimwambia anipeleke kwa mama. Akasema haiwezekani, tutaonekana. Nikamwambia vizuri, basi Jumapili nitasimama kanisani Muleba, mbele ya wote, niombe tumwombee mama yangu mgonjwa. Sikupandisha sauti. Baba aliigeuzageuza kofia yake. Alijua nitafanya, kwa sababu aliijua damu ya mama yake mzazi. Nilitaka kitu kimoja tu wakati ule, nacho ni kumrudisha mama nyumbani. Kwenye senema walisema wanapona. Aliyepona hurudi kwake, ndivyo nilivyohesabu.

Tulipanda meli hadi Mwanza, kisha lori, kisha miguu. Baba aliwaambia tuliosafiri nao kwamba ananipeleka kuona shule. Njia nzima nilikuwa nikipanga nguo zake kichwani, zile zilizobaki sandukuni kwa bibi, nikijiuliza kama panya wamezila.

Mama alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake. Nyusi zilikuwa zimekwisha, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja. Mengine yote yalikuwa yake. Yeye na baba walisalimiana kama wanavyosalimiana wazee wa kanisa, kisha baba akaenda kusimama mbali, kwenye kivuli cha ghala. Mama hakunigusa. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani na kurudi, akasema nimekuwa mrefu, nimechukua kimo cha kwao.

Nikamwambia kwamba nimesikia amepona. Akasema ndiyo, daktari ametamka. Nikamwambia basi twende nyumbani.

"Nyumbani nina kaburi," alisema. "Mwenye kaburi harudi, mwanangu. Nikirudi, baba yako ni mwongo, bibi yako ni mwongo, na wewe ni mtoto wa mkoma aliyefufuka. Nani atakuoa? Nani atakula kwako?"

Nilisema sitaki kuolewa. Akacheka, mdomo nyuma ya mkono. Kisha akaacha kucheka, akasogea mbele kidogo.

"Ulinililia?"

"Nililia."

"Sana?"

"Nilitapika."

Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika, kama mtu anayesikia mvua imenyesha alikopanda. "Vizuri," alisema. "Mimi ndiye niliyesema usiambiwe. Bibi yako alitaka kukuambia, akasema ni ukatili. Nikamwambia, akijua hatalia. Na asipolia mtoto, nani ataamini?"

Nilisubiri hasira ije. Haikuja. Nilisubiri huruma, maana alikuwa mama yangu na alikuwa amejiua kwa ajili yangu, nayo haikuja. Nzi alitua kwenye sufuria yake, nikamfukuza. Niliona kwamba kilio changu kilikuwa kimetumika, kama kamba na lubugo na mikeka, na kimefukiwa pamoja navyo. Mama aliugua ganzi ya mikono. Mimi niliipata ya kwangu pale mbele ya nyumba yake, mchana, jua linawaka, na hakuna daktari aliyenipa kidonge.

Tulikaa. Ilibidi tuongee mengine, maana lori la kurudi lilikuwa bado. Alinisimulia jinsi yeye na bibi walivyouchagua ule mgomba pamoja jioni moja, kabla ya safari ya Bukoba, na yeye akasimama akauegemea ili bibi aone kama kimo kinalingana. Walichekeana, alisema, maana mgomba ulimzidi kiunoni. Nikamwambia kwamba unachipua juu ya kaburi kila mvua na bibi huuchimba. Alipiga paja lake.

"Niliwaambia waukate tunguu lote la chini! Hawasikii wale. Wamenizika na mzizi." Alifuta macho. "Mwambie bibi yako aache kuuchimba. Auache uzae."

Nilimpelekea bibi ujumbe kama nilivyopewa. Hakuuliza ameonekanaje wala anakula nini. Alisema tu, "Alisema auache?" Nikasema ndiyo. Mvua zilizofuata chipukizi lilisimama, na siku moja niliporudi likizo nilikuta limetandikiwa nyasi na kuwekewa mbolea, na bibi anakemea mbuzi wasilisogelee.

Nilikuwa nafundisha kule Kitendaguro, bado bendera ya Mwingereza ikipepea mbele ya ofisi, baba alipotokea kwenye dirisha la darasa. Nilitoka nje. Alikuwa ameambiwa na mchungaji aliyetoka ng'ambo.

"Amekufa," alisema.

"Nani?"

"Mama yako."

Wamekwisha mzika kulekule, alisema. Nilirudi ndani nikamaliza somo. Lilikuwa la nchi na mito yake, na watoto waliimba majina ya mito vizuri. Mwisho wa juma nikaenda Muleba.

Hatukuweza kukaa msiba. Msiba wa mama ulikuwa umekwisha kukaliwa, watu walikwisha kula, walikwisha kulala, walikwisha kwenda makwao. Hatukutandika nyasi za wageni wala kutoa kahawa za kutafuna. Jirani alipita kuomba jembe, bibi akampa na kumwuliza hali ya mtoto wake. Kisha bibi akanipeleka nyuma ya nyumba. Mgomba wa mama ulikuwa umezaa mkungu mzuri, na bibi alikuwa ameungoja ukomae. Tuliukata, tukazimenya mimi na yeye, baba ameketi mlangoni na shati lake safi. Tulizipika na maharage, kama alivyopenda marehemu.

Zilipoiva nikaenda kuepua. Nilisahau jani. Nilikishika chungu kwa mikono mitupu, na moto nikausikia wote, mpaka kwenye viwiko, ndipo nikakiweka chini. Kwa hiyo nilijua ugonjwa wa mama sina.

Bibi aliitazama mikono yangu. Kisha akatazama njia, kule jirani alikokwenda.

"Umeungua," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lia basi. Akipita mtu, tutasema umeungua."

Baba akageuza uso. Nilijaribu. Niliukunja uso kama nionavyo wengine wakifanya, nikainamisha kichwa, nikangoja. Bibi akangoja pamoja nami, mkono wake mgongoni kwangu, mpaka chungu kikaanza kupoa. Kisha akachukua jani, akapakua, tukala.